Hesabu ya Mcheza Kamari

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, somo letu la safari hii limetokana na suala lililoletwa darasani, baada ya sala ya Isha, na kijana mmoja wa mji wetu. Kijana huyu ni dereva wa lori, na kazi yake ni kuchukua mizigo kutoka bandari ya Mombasa mpaka mpaka wa Uganda. Hatutamtaja jina, kwani aibu ya Mwislamu husitiriwa. Lakini mwenyewe ameturuhusu kulieleza suala lake ili wengine wapate kujifunza. Nasi twamshukuru, kwani aulizaye ndiye atakaye kutoka gizani.

SUALA

Alisema: "Maalim, katika safari zangu mimi hulala Salgaa, au hupumzika Sachangwan, huko juu ukishaipita Nakuru. Ni mahali pa baridi, na jioni dereva hana nyumba wala jamaa. Hapo kuna duka lenye mashine ya kamari, na katika simu mna michezo ya kila namna. Lakini mimi sichezi kama wajinga, mimi nina mpango. Hutenga Sh. 1,000 zikawa ndio mtaji wangu, na lengo langu ni Sh. 100 tu. Nikizipata huondoka, siongezi hata sarafu moja. Mausiku kumi nilicheza hivyo, na mausiku yote kumi nikapata, jumla yake Sh. 1,000. Usiku wa kumi na moja mtaji wote ukaliwa. Na kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuzoea kushinda, nikatia mkono katika pesa za safari alizonipa tajiri wangu, nazo zikaenda. Sasa nina masuala mawili. La kwanza, mpango wangu ulikuwa na kosa gani? La pili, mtu achezaye kwa kiasi na kwa hesabu, ana dhambi sawa na yule achezaye ovyo?"

Baadhi ya waliokuwapo walicheka, na mzee mmoja akasema: "Haramu ni haramu, wataka nini zaidi?" Twasema mzee huyu amesema kweli. Lakini vijana wetu wa leo wanaambiwa kila siku, katika redio na katika simu zao, kwamba kamari ni elimu, na kwamba ashindwaye ni yule asiyejua kupanga fedha zake. Tukiwajibu kwa neno moja tu na kunyamaza, watadhani kwamba dini imekataza jambo lenye faida kwa kuwaonea wivu watu wake. Basi yatupasa tuwaonyeshe kwa kalamu na karatasi kwamba faida hiyo haiko.

JAWABU LA KWANZA: HESABU YA MPANGO WENYEWE

Elimu ya hesabu si ngeni kwa Waislamu. Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika zama za Khalifa al-Maamun, aliandika kitabu chake cha aljebra na ndani yake akatia milango mirefu ya wasia na mirathi, ili haki za watu zigawanywe bila ya dhuluma. Kadhalika hesabu ya bahati ina wataalamu wake. Mwaka 1654 Pascal na Fermat, watu wawili wa Ufaransa, waliandikiana barua juu ya masuala ya wacheza kamari, na kutokana na barua hizo elimu hii ikapata msingi. Cha ajabu ni kwamba elimu iliyozaliwa katika meza ya kamari ndiyo inayotoa ushahidi mkubwa kabisa dhidi ya kamari.

Tuangalie mpango wa kijana wetu. Kwanza tumfanyie ukarimu: tuseme mashine ile ni ya haki kabisa, haimpunguzii kitu mchezaji wala haimpi mwenye mashine fungu lolote. Mtu mwenye Sh. 1,000 anayetaka kufika Sh. 1,100 kabla hajafilisika, nafasi yake ya kufika ni elfu moja juu ya elfu moja na mia, yaani mara kumi katika kila mara kumi na moja. Ndiyo maana mausiku mengi alishinda. Hapakuwa na ustadi wowote; ni kwa kuwa alitaka kidogo na aliweka rehani kingi.

Sasa jumlisha. Mara kumi apata Sh. 100, jumla Sh. 1,000. Mara moja apoteza mtaji wote, nao ni Sh. 1,000. Kimebaki nini? Hakikubaki kitu. Basi mpango ule haukuwa na kosa lililoweza kutengenezwa. Ulifanya vile vile ulivyokuwa hauna budi kufanya. Si lazima usiku mbaya uje wa kumi na moja hasa. Huweza kuja wa kwanza, huweza kuja wa thelathini. Lakini deni lake huandikwa tangu usiku wa kwanza.

Huenda mwengine akasema: "Lengo lake lilikuwa dogo mno, lau angalitaka kingi." Tujaribu. Mwenye Sh. 1,000 anayetaka zifike Sh. 2,000, nafasi yake ni nusu kwa nusu: mara moja apata elfu, mara moja apoteza elfu. Anayetaka zifike Sh. 5,000, nafasi yake ni mara moja katika tano: mara moja apata faida ya Sh. 4,000, na mara nne apoteza Sh. 1,000. Jumlisha upendavyo, jawabu ni lile lile. Lengo la faida ni kama kisu cha kukatia mkate. Chaweza kukata vipande vikubwa au vidogo, lakini hakiongezi mkate.

Hayo yote ni katika mashine ya haki, nayo haiko duniani. Mwenye mashine hakuleta chombo chake dukani ili kusaidia madereva. Tuseme mashine yarudisha Sh. 95 katika kila Sh. 100 zinazotiwa, na tano hubaki kwa mwenyewe. Kijana wetu akicheza mara mia kwa usiku mmoja, na kila mara akitia sh. 20, atakuwa amezungusha Sh. 2,000, na fungu la mwenye mashine katika hizo ni Sh. 100. Yaani kwa wastani hutozwa kila usiku kiasi kile kile alichokuja kukitafuta. Ukipiga hesabu kwa namna hii, nafasi yake haiwi tena mara kumi katika kumi na moja, bali mara tisa. Mausiku tisa apata jumla ya Sh. 900, na mausiku mawili apoteza Sh. 2,000. Hasara yake ni Sh. 1,100. Na kadiri acheza sana ndivyo hasara yake iwavyo ya yakini.

MASHINE YA KARATA

Kijana alituuliza pia habari ya mashine za karata, ambazo hazipatikani sana katika maduka ya vijiji, ila katika makasino ya miji mikubwa na katika simu. Alisikia kwamba hizo zina ustadi ndani yake, na kwamba mwenye akili huzishinda. Twaieleza mashine hii ili mtu asidanganyike kwa kutoijua.

Mashine hizi zilienea katika jimbo la Nevada, Marekani, tangu miaka ya 1970. Mchezaji huonyeshwa katika kioo karata tano kutoka fungu la karata 52, zenye shupaza na kopa na uru na pau. Yeye huchagua zipi azishike na zipi azitupe, mashine ikampa nyengine badala ya alizozitupa, kisha hulipwa kwa mujibu wa ubao wa malipo: jozi ya karata kubwa hulipa kidogo, karata tatu za namba moja hulipa zaidi, na hupanda hivyo mpaka ile ya juu kabisa, nayo ni karata tano za aina moja zifuatanazo kutoka kumi mpaka ree.

Ni kweli kwamba hapa uchaguzi wa mchezaji una athari. Mashine mashuhuri ya namna hii, ile iliyo bora kwa malipo yake, hurudisha kwa mchezaji asiyekosea hata mara moja kama Sh. 99.54 katika kila Sh. 100. Mtu akisikia hayo hufurahi na kusema: "Kilichobaki ni nusu shilingi tu!" Polepole, ndugu yangu. Kwanza, huyo ni mchezaji asiyekosea, aliyehifadhi kila uamuzi kama ahifadhivyo mwanachuoni, wala hachoki. Pili, katika hizo 99.54, kama shilingi mbili zatokana na ile karata ya juu kabisa, ambayo huja kwa wastani mara moja katika mikono 40,000 hivi. Mtu apigaye mikono 500 kwa saa atahitaji saa 80 kwa wastani ili kuiona mara moja, na wengine hupita maradufu ya hapo wasiione. Muda wote ambao haijamjia, yeye anacheza mashine inayomla zaidi ya shilingi mbili katika kila mia.

Tatu, mwenye mashine aujua ubao wake kuliko wewe. Akipunguza malipo ya mahali pawili tu, pale palipolipwa 9 akalipa 8, na pale palipolipwa 6 akalipa 5, marejeo hushuka mpaka 97.3 hivi. Akipunguza ile ya kwanza mpaka 6, hushuka mpaka 95. Mashine ni ile ile, rangi zile zile, muziki ule ule. Wachezaji wengi hawatambui kitu. Basi ustadi wote wa mchezaji kazi yake ni kupunguza mwendo wa kufilisika. Je, huu ni ustadi wa kujivunia?

MPANGO WA KUZIDISHA MARADUFU

Kuna mpango mwengine ambao madereva hufundishana, nao ni kuzidisha maradufu kila ushindwapo: ukipoteza 20 utie 40, ukipoteza 40 utie 80, mpaka ushinde, urudishe yote na faida ya 20. Wasema mpango huu haushindwi, kwani hapana budi mtu ashinde mara moja.

Chukua kalamu. Mtu akishindwa mara kumi mfululizo kwa njia hii atakuwa amepoteza Sh. 20,460. Katika mchezo wa haki, nusu kwa nusu, jambo hilo hutokea mara moja katika 1,024. Waweza kudhani kwamba ni nadra. Lakini katika zile mara 1,023 nyengine, kila mara apata sh. 20 tu. Zidisha 1,023 kwa 20, utapata Sh. 20,460. Subhanallah! Senti haikuzidi wala haikupungua. Alichokusanya kwa mara elfu na zaidi huchukuliwa kwa mara moja. Na hapo bado fungu la mwenye nyumba halijatolewa.

Wala mtu asiseme: "Mashine imekula sana leo, sasa imekaribia kutapika." Mashine haina kumbukumbu, haijui kwamba wewe umeshindwa mara tisa, wala haina huruma ya kukupa ya kumi. Na kuna wengine katika ndugu zetu, Mwenyezi Mungu awaongoze, ambao wakishindwa huenda kwa mganga kutaka hirizi ya bahati, au kutazamiwa falaki ili wajue saa njema ya kucheza. Hawa wameongeza uchafu juu ya uchafu. Katika aya ya 90 ya Suratul Maida, Mwenyezi Mungu ametaja pamoja ulevi na kamari na mizimu na mishale ya kupigia ramli, akaiita yote uchafu katika kazi ya Shetani. Tazama vipi kamari na ramli zilivyowekwa katika aya moja: hii na ile zote ni kuutegemea mlango ambao Mungu hakuufungua.

KIJIA CHA SACHANGWAN

Tulimwuliza kijana: "Wewe ni dereva. Ukirudi kutoka Uganda, ukifika Sachangwan na njia ikaanza kuteremka kwenda Salgaa, wafanyaje?" Akasema: "Natia gia ndogo na nateremka taratibu." Tukamwuliza: "Na wale wengine?" Akasema: "Wako waitoao gari katika gia ikateremka yenyewe, ili mafuta yasiungue." Tukasema: "Wapata nini?" Akasema: "Lita kidogo, Maalim." Tukasema: "Nao hufika salama?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mara nyingi hufika."

Basi hapo ndipo alipofahamu. Dereva yule hupata faida ndogo leo, na kesho, na kesho kutwa, akahesabu kwamba ana akili kuliko wenzake. Siku moja breki zikishika moto hazizuii tena, na siku hiyo huenda gari, mizigo, yeye mwenyewe, na watu wasiokuwa na hatia waliokuwa wakipita njia. Ule ndio mpango wa Sh. 100 kwa rehani ya Sh. 1,000. Na lile neno "nitasimama nikifika lengo langu" ni neno la mtu aliyekwisha kuitoa gari katika gia.

Mahali hapo panajulikana katika nchi nzima kwa msiba wa tarehe 31 Januari 2009. Lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, petroli ikamwagika chini, watu wakakusanyika na ndoo na vibuyu kuichota, kisha moto ukalipuka, wakafa watu zaidi ya mia moja. Hatusemi kwamba wale walikuwa kama wacheza kamari, hasha. Wengi wao walikuwa maskini waliopata fursa ya siku moja, na hukumu yao iko kwa Mola wao, naye ni Mwenye kurehemu. Twaukumbuka msiba huo kwa sababu moja: watufundisha kwamba faida iliyo karibu na jicho huificha hatari iliyo karibu nayo zaidi, hata mtu mwenye akili timamu asiione. Mwenye kupita Sachangwan na asikumbuke hilo, amepita bure.

JAWABU LA PILI: HUKUMU

Ama suala la pili, kwamba mwenye kucheza kwa kiasi ana dhambi au hana, jawabu lake ni kwamba haramu haihalalishwi kwa uchache wake wala kwa mpango wake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba hata mtu aliyemwita mwenziwe waje wacheze kamari, yapasa atoe sadaka. Ikiwa neno tu la mwaliko lataka kafara, itakuwaje tendo lenyewe?

Wako wenye kuleta hoja, nasi twazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza: "Kamari ina manufaa, makampuni yake hutoa kodi, na hulipia timu za mpira." Mwenyezi Mungu mwenyewe, katika aya ya 219 ya Suratul Baqara, hakukanusha kwamba ulevi na kamari vina manufaa kwa watu, alisema kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Na ukitaka kujua yalikuwa manufaa gani, soma habari za Waarabu wa zama za ujahili. Walikuwa wakichinja ngamia, kisha wakipiga kura kwa mishale kumi, saba ina mafungu na mitatu mitupu. Mwenye mshale mtupu alilipa thamani, na mwenye kushinda aliona aibu kuila nyama ile, akawapa maskini. Hiyo ilikuwa kamari yenye kulisha wenye njaa, na juu ya hivyo ikaharimishwa. Basi itakuwaje kamari ya leo, ambayo humchukulia maskini na kumpa tajiri?

Hoja ya pili: "Serikali imeiruhusu." Ni kweli kwamba Kenya ina sheria ya kamari tangu mwaka 1966, na mwaka 2025 ikatungwa nyengine mahali pake. Lakini sheria ya nchi hupanga na kutoza; haigeuzi haramu ikawa halali. Na serikali yenyewe imepata kuona madhara yake: mwezi wa Julai 2019 makampuni 27 yalinyimwa leseni mpya, na mara nyingi mashine za vijijini zimekusanywa na kuteketezwa hadharani. Ikiwa mtawala asiyehukumu kwa dini ameuona moshi, sisi tuliopewa Kitabu tutadai kwamba hatuuoni?

Hoja ya tatu: "Sayyidna Abubakar aliweka dau na washirikina kwamba Warumi watashinda." Amepokea Tirmidhi habari hiyo, na katika habari hiyo hiyo imeelezwa kwamba ilikuwa kabla ya kuharimishwa dau. Anayechukua nusu ya habari na kuiacha nusu amejidanganya mwenyewe.

Hoja ya nne, nayo ndiyo nzito: "Mfanyabiashara naye hubahatisha; anunua karafuu leo na hajui bei ya kesho." Twasema hatari haikuharimishwa, lau ingaliharimishwa, baharia asingalisafiri wala mkulima asingalipanda. Tofauti ni hii. Katika biashara kuna kitu: karafuu, nguo, samaki, au kazi ya mkono. Mnunuzi huondoka na kitu anachokihitaji, na muuzaji huondoka na thamani yake, na wote wawili waweza kufurahi. Hata katika mudharaba, mmoja akatoa mali na mwengine akatoa kazi, wote wawili hutazamia faida moja na huumia pamoja. Lakini katika kamari hapana kilichozalishwa wala kilichochukuliwa kutoka mahali mpaka mahali. Hapati mmoja ila kwa kilio cha mwengine. Ndiyo maana aya ya 29 ya Suratun Nisaa ikakataza watu kuliana mali zao kwa batili, ikaitoa nje biashara ya kuridhiana.

Na katika aya ya 91 ya Suratul Maida Mwenyezi Mungu ametaja sababu nyengine, nazo ni uadui na chuki, na kuzuiwa kumkumbuka Mungu na kusali. Tulimwuliza kijana: "Usiku ule wa kumi na moja uliisali Isha saa ngapi?" Akainamisha kichwa. Hatukumwuliza tena.

DAWA YAKE

Ikiwa mtu ameingia katika maradhi haya, haifai kumtukana na kumwacha. Yapasa aonyeshwe njia ya kutoka, nayo ina hatua.

Kwanza ni toba: kuacha, kujuta, na kuazimia kutorudi. Wala asiseme "nitacheza mara moja tu ili nirudishe kilichopotea," kwani kilichopotea hakimo ndani ya mashine kikimngoja. Kimekwenda na mwenyewe.

Pili ni kurudisha haki za watu. Pesa za safari alizozichukua kijana ni amana, na Mwenyezi Mungu ameamrisha, katika aya ya 58 ya Suratun Nisaa, amana zirudishwe kwa wenyewe. Yampasa aende kwa tajiri wake, amwambie kweli, na akubaliane naye akatwe kidogo kidogo katika mshahara. Ama zile alizozishinda, ikiwa mwenyewe hajulikani, wanavyuoni wamesema azitoe kwa maskini au katika maslaha ya watu, kwa nia ya kujitakasa nazo, wala asitazamie thawabu ya sadaka.

Tatu ni kuiziba njia. Mashine ya dukani huwekwa mbali kwa miguu, lakini ya simu hulala na mtu kitandani. Aifute michezo hiyo katika simu yake, na siku ya mshahara ampelekee mkewe au mzazi wake fungu la nyumbani kabla hajaondoka bandarini, asibaki ila na posho. Akifika Salgaa au Sachangwan, atafute wenziwe Waislamu wasali jamaa na kula pamoja, kwani upweke ndio mlango wa kwanza alioingilia.

Nne ni juu yetu sisi tuliobaki mjini. Mara ngapi tumekutana barazani tukawalaumu vijana, na hatukumwuliza hata mmoja wao ana deni gani? Mtume (s.a.w.) alisema kwamba mtu kuchukua kamba yake akaenda kukata kuni na kuzibeba mgongoni ni bora kwake kuliko kuomba watu. Lakini lazima kijana apate kamba. Tukiweka mfuko mdogo wa mkopo usiokuwa na riba, kila mwenye uwezo akatia kidogo kila mwezi, atakayebanwa na kodi ya nyumba au ada ya mtoto atakuja kwetu kabla ya kwenda kwa mashine. Darasa letu limekwisha kuanza kuandika majina. Atakaye na aje baada ya Magharibi.

Kabla hatujaondoka usiku ule, kijana alisema: "Maalim, nikimwambia tajiri wangu kweli, huenda akanifukuza kazi." Tukamjibu: "Huenda, mwanangu. Hatuwezi kukuahidi kwamba hatakufukuza. Lakini ukinyamaza utakuwa unacheza kamari nyengine, na rehani yake safari hii ni uaminifu wako." Akatoka bila ya kusema neno.

Mpaka tuandikapo haya hajaturudia na jawabu la tajiri wake. Basi, ndugu msomaji, mwombee duaa, na uitazame nafsi yako, usije ukawa nawe umeitoa gari katika gia na huku wadhani unaokoa mafuta.

Wabillahi tawfiq.